Unyayo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu mahakama haikumtoka. Ukimwambia utafika saa tatu hivi, atakuuliza hiyo "hivi" ina dakika ngapi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea na binti yake wa pekee, alinionya kabla hatujaoana. "Mama hana ugomvi na mtu," alisema. "Ana ugomvi na maneno yaliyolegea."

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimebanwa kati ya kinyozi na muuza vioo, na ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wateja wangu wengi siwajui majina, nawajua visigino. Kuna mwanasheria anayeburuta mguu wa kushoto, kuna mama mmoja mnene anayetembea kwa vidole kama mwizi. Soli inasema yote, mwenyewe apende asipende.

Viatu vya mama mkwe alikuwa akiniletea mke wangu kwenye mfuko, mara moja kwa mwaka. Vilikuwa jozi ileile siku zote, vyeusi, vya kamba, kisigino kifupi. Soli zake zililika sawasawa pande zote, kushoto na kulia, kana kwamba alizipima kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. Ndiyo maana safari ile nilipovitoa mfukoni nilivigeuza mara mbili. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika ubavu wa nje mpaka ngozi. Nikaingiza mkono ndani. Pale kisigino kinapokaa, upande wa ndani, kitambaa nilichokiweka mwaka uliopita kilikuwa bado kipya, hakijapauka wala kubonyea.

Jioni nikamwambia mke wangu. "Mama hakanyagii kisigino cha kulia."

"Umri huo," alisema, huku akikata karatasi za rangi za watoto wake wa shule.

"Umri ungeshika miguu yote miwili."

Akaweka mkasi chini. "Basi muulize wewe, fundi ni wewe."

"Nimwambie mkwe wangu avue kiatu nimtazame unyayo? Unataka nihame mji?"

Alicheka, lakini Jumamosi alikwenda kwa mama yake, na aliporudi hakuwa anacheka. Alikuwa ameona baka jeusi chini ya kisigino, kubwa kama kifungo cha shati, upande mmoja limekolea, upande wa pili limetawanyika kama wino uliomwagikia karatasi mbovu. Juu yake mama alikuwa amebandika plasta.

"Anasema ni sugu. Anasema aliwahi kukanyaga msumari."

"Lini?"

"Nilimuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mama alinijibu 'zamani hivi.'"

Kauli hiyo ilitutisha zaidi ya baka lenyewe.

Nina mteja mmoja muuguzi wa zahanati ya mtaani, ambaye watu wote tunamwita Sista. Husimama kutwa nzima, kwa hiyo makubazi yake hayapumziki na mimi sipumziki nayo. Jumatatu alipokuja nilimweleza nikiwa nashona, kichwa nimeinamisha, kama mtu anayepiga soga tu. Alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Linakua?"

"Hatujui. Hakuna aliyelitazama kabla ya juzi."

"Lete mtu wako kesho. Si keshokutwa, kesho."

"Sista, kuna nini?"

"Pengine hakuna kitu," alisema. "Lakini ngozi nayo hupata kansa, na kwa watu weusi kama sisi hupenda kujificha pale tusipopatazama. Chini ya mguu, kiganjani, chini ya ukucha. Watu huja wamechelewa kwa sababu wanadhani wamekanyaga kitu."

Nilifunga kibanda mchana ule na kwenda kwa mama mkwe mwenyewe. Njiani nilijikaza, nikajirudia maneno kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani wa mdomo. Nilimkuta sebuleni anasoma gazeti na kalamu mkononi, anasahihisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Siku ya kazi, saa ya kazi, umekuja. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa ajili ya kiatu chako. Kinatoa ushahidi."

Akavua miwani. "Shahidi wako ni kiatu?"

"Ndiyo, Mama."

"Amekula kiapo?"

Nikashindwa kujua nicheke au nitoke nje. Lakini nilikuwa nimekibeba, nikakiweka mezani juu ya gazeti, nikamwonyesha mahali palipolika na mahali palipobaki papya. Nilimweleza kwamba kwa mtu kukwepa kisigino kiasi kile, lazima awe amekikwepa kwa miezi minane au tisa. Nikamwambia alichosema Sista, neno kwa neno, pamoja na lile la kansa. Hakunikatiza. Alikichukua kiatu, akatia kidole ndani, akapapasa kile kitambaa kipya kwa muda mrefu.

"Kumi na moja," alisema mwishowe.

"Nini, Mama?"

"Miezi. Ni kumi na mmoja." Akavuta stuli, akapandisha mguu wa kulia, akaanza kuvua soksi. Mimi nikageukia dirishani. "Geuka," akasema. "Mimi ni mama yako. Na wewe kazi yako ni miguu. Tazama, kisha unipeleke kwa huyo Sista wako."

Nikatazama. Mke wangu hakuwa ametia chumvi.

Zahanati walitupokea vizuri. Sista aliangalia dakika mbili tu, akaandika barua ya kwenda hospitali kuu kitengo cha ngozi, na wakati tunangoja muhuri akampa mama kipeperushi cha kusoma. Mama alikisoma mbele na nyuma. Kilikuwa na picha ya mgongo wa mtu mweupe sana, mwenye madoadoa ya jua, na mduara mwekundu kuzunguka doa moja.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mfano tu, Mama," Sista alisema. "Vinatoka nje, tunapewa."

"Namwonea huruma, lakini mimi na yeye hatufanani popote. Ningekiokota hiki barabarani ningedhani ni tangazo la sabuni." Akasoma kwa sauti: "'Uwepo wa mabadiliko yasiyo ya kawaida ya rangi katika eneo la ngozi lililoathiriwa unapaswa kuripotiwa.' Mwanangu, hapa anayeambiwa afanye jambo ni nani?"

Sista akakuna kichwa.

Hospitali kuu tulipokelewa na daktari wa ngozi, dada mmoja mrefu aliyelazimika kuinama kila mlango, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina lake ni Daktari Mrefu. Alimchoma mama sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha nyama, akakiweka kwenye kichupa. Kisha akatueleza kitakachofuata. Kile kipande kingekatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vipakwe rangi, viwekwe kwenye kioo. Tatizo ni kwamba hospitali ile haikuwa na bingwa wa kusoma ngozi kwa darubini. Waliokuwepo walisoma kila kitu, na wakifika kwenye ngozi yenye utata walitaka jicho la pili. Kwa hiyo vile vioo vingepigwa picha kubwa na mashine maalumu, na picha zitumwe kwa wenzao. Hospitali kumi na moja za nchi mbalimbali zilikuwa zimeungana, na kila Jumatano madaktari wake walikutana kwenye kompyuta kujadili wagonjwa.

"Kesi yangu itasikilizwa Jumatano ipi?" mama akauliza.

"Ya wiki ijayo, Mama. Nitakupigia simu baada ya hapo."

"Kesi yangu inasikilizwa, nami nisiwepo?"

Daktari Mrefu akaweka kalamu chini. Alisema hajawahi kuombwa hivyo, ila atawauliza wenzake. Siku mbili baadaye alipiga simu. Walikuwa wamekubali, dakika kumi na tano.

Siku hizo za kungoja mke wangu hakuwa yeye. Alipika bila chumvi siku mbili mfululizo, tukala hivyo hivyo. Mama yeye alipanga kabati lake la vitabu upya. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya marundo, kitabu kimoja mapajani, hakifungui wala hakiweki.

"Naogopa," aliniambia, kama mtu anayetaja saa.

Nikaketi chini karibu yake. Nikaanza kumpa vitabu kimoja kimoja, naye akawa anavipanga.

Jumatano tuliketi watatu katika chumba chenye meza ndefu na runinga kubwa ukutani. Nyuso zilijitokeza moja baada ya nyingine, kila moja kwenye kisanduku chake. Mmoja alikuwa anakunywa chai ya asubuhi, mwingine dirisha lake lilikuwa limeshaingia giza. Kwa daktari mmoja wa kike paka alipita mbele ya kamera, akasukumwa, akarudi. Daktari Mrefu alikuwa anatutafsiria. Aliyesoma vioo alikuwa mzee wa miwani minene, mwongeaji wa polepole. Alituonyesha picha ya zambarau na waridi, nzuri kama kitambaa cha khanga, akaweka mshale mdogo juu yake.

"Ni saratani," Daktari Mrefu akatafsiri. "Ile ya ngozi tuliyoihofia. Imeshuka chini kwa milimita moja nukta mbili."

Mkono wa mke wangu ulikuwa ndani ya wangu, nikausikia unakaza.

"Hiyo ni nyingi au kidogo?" mama akauliza.

Yule mzee alifikiri kabla ya kujibu. Alisema si kidogo kama angependa, lakini wagonjwa wengi wa aina hii anaowaona wamefika na tatu, na nne, na zaidi. Kungekuwa na upasuaji wa kuondoa baka na nyama ya pembeni yake, na kuchukua tezi moja ya kwenye kinena kuona kama imeguswa.

"Kwa maneno yasiyolegea," mama alisema, "nafasi yangu ikoje?"

Daktari Mrefu alitafsiri. Kisha yule mwenye paka akajibu: "Tezi ikiwa safi, nafasi yako ni nzuri. Kukuahidi hatuwezi."

"Nimeelewa. Asante kwa kutonidanganya."

Wakageukia upasuaji. Shida ilikuwa kisigino: ukikata pale, utaziba na nini? Ngozi ya paja ni nyororo, haivumilii kukanyagiwa. Daktari mpasuaji wa hospitali yetu alisema njia bora ni kuhamisha ngozi nene kutoka kwenye uvungu wa unyayo uleule, ila alikuwa amefanya mara mbili tu. Kwenye kisanduku cha pembeni mwanamume mmoja mwenye upara akanyoosha mkono. Yeye alikuwa amefanya zaidi ya mara arobaini. Akasema atakuwa macho siku hiyo, kwenye skrini, hatua kwa hatua, wakimtaka. Walimtaka.

Kabla ya kuaga, yule mwenye paka aliuliza nani aliligundua baka. Daktari Mrefu akaninyooshea kidole. "Mkwe wake. Ni fundi viatu. Hakuona mguu, aliona kiatu."

Walicheka kwa furaha, wengine wakapiga makofi. Mimi nikatazama meza. Ndipo mama akasema naye ana swali moja, na dakika zake bado tatu.

"Nyinyi ni hospitali kumi na moja. Mna picha ngapi za nyayo za watu wenye rangi yangu, za kuwaonyesha watu kabla hawajaugua?"

Tafsiri ilipofika, hakuna aliyecheka. Walitazamana ndani ya visanduku vyao, jambo ambalo sikujua linawezekana.

"Chache," mzee wa miwani akasema. "Chache mno."

"Basi mna kazi," mama alisema, akaanza kutafuta mkoba wake.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye benchi la kijani nje ya mlango, chini ya feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha. Ilipofika saa ya tatu mke wangu alianza kulia, bila sauti, machozi tu. Alikuwa akijilaumu kwamba alimwona mama yake kila wiki na hakuona kitu. Nikamwambia mama yake alificha kitaalamu. Nikamwambia na mimi nilikaa na kile kiatu kutwa nzima nikidhani ni soli mbovu. Haikumsaidia sana, lakini aliegemea bega langu. Mpasuaji alipotoka, kofia mkononi, alisema wametoa chote, ngozi imekaa vizuri, na yule mwenzao wa mbali alikuwa ameimba kidogo walipofika kwenye kushona. Jibu la tezi lilikuja baada ya siku tisa. Safi.

Mama alihamia kwetu, kwa kuwa alikatazwa kukanyaga kwa wiki sita. Sitadanganya, zilikuwa wiki ndefu. Alisahihisha barua za shule za mke wangu. Alimwambia mtangazaji wa redio akosee kwa adabu. Siku moja alinisubiri nimalize kueleza kwa nini nimechelewa, kisha akasema, "Umenipa sababu tatu. Mwenye sababu ya kweli huwa na moja."

Wiki ya nne Sista alikuja kumbadilisha bandeji, akiwa na bahasha kutoka kwa Daktari Mrefu. Lile swali la mama lilikuwa halijalala. Hospitali zile kumi na moja zilikuwa zimekubaliana kukusanya picha za nyayo, viganja na kucha za wagonjwa wa rangi zote, na kutengeneza bango jipya la kubandikwa nchi zote. Walikuwa wanaomba ruhusa ya kutumia picha ya kisigino chake, ile iliyopigwa kabla ya upasuaji. Ndani kulikuwa na fomu na rasimu ya maneno.

Mama aliisoma fomu mara mbili, akatia saini. Kisha akaisoma rasimu, akaomba kalamu.

"Haya nayo ni yaleyale," alisema. "'Inashauriwa kufanyika kwa uchunguzi binafsi wa maeneo ya miguu.' Inashauriwa na nani? Kufanyika na nani? Sista, mgonjwa akija kwako unamwambiaje?"

"Namwambia... nionyeshe mguu."

"Ee. Andika hivyo."

Waliketi kitandani wawili wale mchana mzima. Sista alieleza ugonjwa, mama alikata maneno. Mimi niliitwa mara moja, kuulizwa kama watu husema "wayo" au "unyayo". Nikajibu kwamba wateja wangu husema "huku chini", na mama akaniangalia kwa jicho la pembeni, lakini akaandika. Mwisho lilibaki hili: "Vua kiatu. Geuza mguu. Tazama unyayo wako, huku chini kote, na katikati ya vidole. Ukiona baka jeusi jipya, au la zamani linalokua, usibandike plasta. Lionyeshe zahanati wiki hii."

"Hapo kwenye plasta ni mimi," mama alisema. "Wapewe kosa langu, litawafaa."

Daktari Mrefu aliyapeleka yale maneno Jumatano iliyofuata, akiyatafsiri kwa wenzake. Alitupigia simu jioni akicheka. Walikuwa wameacha rasimu yao. Matoleo ya lugha nyingine zote yangetafsiriwa kutoka kwenye Kiswahili cha mama, kwa sababu hakuna aliyeweza kuyafupisha maneno yake zaidi.

Mabango yakaja. Zahanati zilipewa, na kwa maombi ya Sista yakapelekwa pia kwa mafundi viatu, wauza viatu na wanaotengeneza kucha. Kinyozi jirani yangu alichukua moja bila kuulizwa. "Watu wangu huvua viatu wakichoka kusubiri," alisema. Katika mwaka ule, mtaani kwetu, watu tisa walikwenda kwa Sista kuonyesha nyayo. Saba walikuwa na sugu, mmoja alikuwa amekanyaga msumari kweli. Wa tisa alikuwa dereva wa lori la maji, na yeye alipelekwa kwa Daktari Mrefu baka likiwa bado halijashuka hata nusu milimita.

Mama sasa ana mwaka wa pili tangu apasuliwe. Kila miezi mitatu anakwenda kupimwa, na kila mara mke wangu hapiki vizuri wiki hiyo. Anachechemea kidogo akichoka. Mpaka sasa hawajaona kitu.

Mwezi uliopita walimwalika tena Jumatano, kumsalimia. Visanduku vilikuwa vimeongezeka. Hospitali sasa ni kumi na nne. Yule daktari mwenye paka alikuwa na habari. Katika nchi yake, mbali huko ambako mama alikuwa hajawahi kupafikiria, mama mmoja mfinyanzi, anayekanyaga udongo kwa miguu siku zote, aliona bango likiwa limebandikwa kwa muuza ndala. Alivua, akageuza mguu, akaona. Alikuwa ameshapasuliwa, na amerudi nyumbani.

"Ilishuka kiasi gani?" mama akauliza.

"Nukta sita."

"Nusu yangu." Akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mwambieni asiruke tarehe za kliniki."

Daktari aliandika. Wiki iliyofuata jibu likaja kupitia kwa Daktari Mrefu: yule mama hajaruka hata tarehe moja, anashukuru, na anauliza huyo mwenye kisigino cha kwenye picha anaendeleaje.

Mama alikuwa anamenya vitunguu jikoni kwetu niliposoma ule ujumbe. Aliendelea kumenya.

"Mjibu," alisema. "Mwambie anaendelea vizuri. Usiweke 'hivi.'"